Nililia mbele ya watoto, na sasa nyumba imenyamaza

SWALI: Mimi ni fundi seremala hapa Bukavu, Kadutu. Nina miaka 43. Mdogo wangu anayenifuata alifariki kwa ugonjwa miezi mitano iliyopita. Sanduku lake nililitengeneza kwa mikono yangu usiku mmoja, daftari la michango nililishika mimi, wageni niliwapokea mimi. Sikulia hata siku moja. Majuma mawili yaliyopita, Jumapili jioni, nilipita atelye, karakana yangu, kuchukua kitu, nikakuta mita yake ya kupimia chini ya mbao, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu. Nilipofika nyumbani nikakaa kwenye kiti, kilio kikanishika, kwa sauti, karibu nusu saa. Mke wangu alisimama, kisha akawatoa watoto nje. Tangu siku hiyo anasema nami polepole kama mtu anayesema na mgonjwa. Kijana wangu wa miaka 11, aliyekuwa anakuja atelye kila siku baada ya masomo, haji tena. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipata habari, akaniambia: "Uko papa wa nyumba, jikaze. Watoto watakuona namna gani?" Je, nimeharibu kitu? Nirudi kujikaza kama zamani?

JIBU

Pole sana, Papa, kwa mdogo wako.

Umeuliza kama umeharibu kitu. Kwa kulia, hapana. Kosa, kama lipo, ni dogo na linatengenezeka: kilio kilikuja bila neno mbele yake na bila neno nyuma yake. Watoto walimwona papa yao katika hali wasiyoijua, wakatolewa nje, wakarudishwa, ugali ukaiva, kesho yake wakaenda masomo. Hakuna aliyewaeleza walichokiona. Kwa majuma mawili sasa kila mmoja ndani ya nyumba hiyo anajieleza peke yake, na mtu anayejieleza peke yake huchagua maelezo mabaya. Mke wako huenda anawaza deni ulilomficha, au majibu ya daktari. Kijana huenda anawaza kitu alichokivunja atelye juma lile. Machozi watu huyazoea; kutojua ndiko kunakowakosesha usingizi.

Kazi iliyo mbele yako, basi, ni ya maneno, na si mengi. Lakini kwanza tuiangalie hiyo miezi mitano bila chozi, maana naona inakusumbua kuliko ulivyoandika.

Watakuja watu wa kukuambia kwamba uliifungia huzuni ndani na sasa kifuniko kimeruka. Maelezo hayo yanapendwa sana, lakini msingi wake ni dhaifu. Mwaka 1989 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Camille Wortman na Roxane Silver, walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu waliofiwa, wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kwamba asiyeonyesha majonzi mapema lazima ataanguka baadaye. Wengine hawaanguki kamwe, na si kwa sababu hawakumpenda marehemu. Wataalamu wengine wawili, Terry Martin na Kenneth Doka, wameeleza kwamba kuna wanaoomboleza kwa hisia zinazoonekana na kuna wanaoomboleza kwa kutenda, na kwamba wengi wetu tuko mahali fulani katikati. Wanaume wengi huelekea upande wa kutenda, ingawa wanawake nao wapo huko. Wewe ulipima urefu wa ndugu yako, ukachagua mbao zisizo na fundo, ukapiga randa, ukapitisha msasa hata mahali ambapo hakuna mtu angeangalia, ukakaza skrubu wakati Kadutu yote imelala. Hiyo ilikuwa ni kuomboleza. Asikudanganye mtu kwamba ulianza Jumapili ile.

Ulichokosa ni zamu ya kupokelewa. Tazama matanga yetu yanavyopangwa. Wanawake wako ndani na mfiwa, wanalia kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anapokea. Wanaume wako nje kwenye viti vya kukodi, redio iko chini, mazungumzo ni ya siasa na bei ya sima. Na katikati ya hao wa nje kuna mmoja mwenye daftari. Ndiye anayejua nani ameleta faranga ngapi, nani ameleta dola, hema litarudishwa lini, sukari imebaki kiasi gani saa nane za usiku. Kila anayemkaribia anamuuliza swali la vitu. Hakuna anayemuuliza habari yake, kwa sababu mwenye daftari anaonekana yuko sawa. Matanga yakiisha, mama na dada wanaendelea kumtembelea mjane. Nani anamtembelea ndugu wa marehemu? Pole zetu zina foleni: wazazi, mjane, yatima. Ndugu wa kiume yuko mwisho wa mstari, na mara nyingi mstari huvunjika kabla hajafikiwa.

Sasa kuhusu kujikaza. Yaya wako hajasema upuuzi mtupu. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba anayefiwa huyumba kati ya pande mbili: mara anaelekea msiba wenyewe, yaani kukumbuka, kutamani, kulia, mara anaelekea maisha yanayoendelea, yaani kazi, karo, majukumu mapya aliyoachiwa na marehemu. Pande zote mbili zinahitajika, na kuyumba kwenyewe ndiko kunakosaidia. Mbele ya msumeno wa umeme unatakiwa kujikaza, tena kabisa, ukitaka kubaki na vidole kumi. Mteja akija kuulizia kitanda chake, jikaze. Shida huanza mtu anapokaa upande mmoja tu: hana saa hata moja ya kumkumbuka ndugu yake, au hana saa hata moja ya kumsahau.

(Na ukisikia mtu anasema uko "hatua ya tatu" ya huzuni, usihangaike. Zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross, za mwaka 1969, zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa wenyewe. Hazikuwa ngazi ya kupandishwa waliofiwa.)

Kuna msemo unaosikika kwetu na ng'ambo ya mto Ruzizi: machozi ya mwanaume hutiririka kwenda tumboni. Husemwa kama sifa. Muuguzi anayekaa upande wa pili wa meza kwenye sante, yaani kituo cha afya, anausikia kwa sikio jingine, maana wanaume waliofiwa huja na tumbo kweli: linawaka, chakula hakishuki. Au mgongo. Au kichwa kinachobana kuanzia saa kumi jioni, saa ambayo kazi inapungua. Wanaandikiwa dawa ya gastriti, na wakati mwingine gastriti ipo kweli, kwa hiyo lipimwe; choo kikiwa cheusi au chenye damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini vidonge vikiisha na tumbo likarudi, ni vizuri muuguzi aulize swali moja zaidi: ni nani amekufa kwenu?

Kama nyumba yako ni ya wasomaji wa Biblia, soma na mke wako 2 Samweli, mwisho wa sura ya 18 na mwanzo wa 19. Daudi anamlilia Absalomu chumbani juu ya lango, kwa sauti, na askari wake wanaingia mjini kwa kunyemelea kama watu waliotahayari. Yoabu anampandia na kumgombeza. Wengi huisoma hapo na kusema: unaona, mfalme alikatazwa kulia. Soma tena. Yoabu anamwambia kwamba watu wake hawajui kama bado ni kitu machoni pake, na anamtaka atoke akaseme nao maneno ya kuwatuliza mioyo. Daudi anatoka, anakaa langoni, watu wanakuja mbele yake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliacha kumlilia mwanawe. Kwa Waislamu kuna habari ya Mtume kumlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba, na alipoulizwa akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hasemi ila linalomridhisha Mola. Naye aliyafuatishia machozi yake maneno.

Anza na mke wako. Yeye akitulia, nusu ya nyumba imetulia.

Usichague kitandani usiku, umeme umekatika, wote mmechoka. Na usimweke kwenye kiti mkatazamana kama baraza la wazee. Macho kwa macho, wanaume wengi maneno yanakauka. Tembeeni. Mnaporudi kutoka misa, au mnaposhuka kuelekea Nyawera, mko bega kwa bega na kila mmoja anaangalia njia. Chagueni mteremko, kwenye mipando ya Bukavu hakuna anayebaki na pumzi ya kuongea. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Ukipitisha hapo siku ya kwanza, mazungumzo huanza kugeuka kuwa mengine.

Sema mambo matatu kwa mpangilio huu: ilikuwa nini, haikuwa nini, unataka nini. Kwa mfano: "Mama, ile Jumapili nilikuta mita ya ndugu yangu, ndiyo ilinivunja. Nilikuwa namlilia yeye. Haikuwa juu yako, haikuwa juu ya pesa, wala siko mgonjwa. Ikinishika tena, kaa karibu yangu, usiniulize kitu, niletee maji tu. Nikisimama, tunaendelea." Hiyo sentensi ya katikati usiiruke, hata kama kwako ni dhahiri. Ndiyo inayomtoa mtu kwenye yale aliyokuwa anayawaza usiku. Na ya mwisho inampa kazi: mke aliyesimama pale bila kujua ashike nini sasa anajua ashike kikombe.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza, mwanaume huomba msamaha kwa kulia. Omba msamaha kwa kuwashtua, ukitaka; ukiomba msamaha kwa machozi yenyewe, umemfundisha kwamba ni kosa, na siku yakirudi atafanya kama alivyofanya, atatoa watoto nje. La pili, mke anaanza kulia yeye, au anasema "hata mimi," na mwanaume anaona zamu yake imeibwa. Haikuibwa. Shemeji yake amekufa, mtu aliyemzoea, na kwa miezi mitano amekuwa akikuangalia wewe usoni ili ajue kama anaruhusiwa kuumia. Muulize: "Na wewe ile siku uliwaza nini?" Kisha nyamaza mpaka amalize. Sauti yake ya polepole, Papa, naisoma kama hofu. Wewe unaisoma kama dharau, na huenda hiyo ndiyo inayokuuma zaidi ya maneno ya yaya.

Jambo la nani alimpelekea yaya habari: liguse, lakini lisiwe kesi. "Ya ndani tuongee kwanza sisi wawili" inatosha. Ukilifanya kesi, utapata nyumba ambayo hakuna anayesema lolote kwa yeyote, na hapo ndipo tulipoanzia.

Kijana wa miaka 11 hatakiwi kuitwa sebuleni aketi. Akiitwa hivyo anajua kuna adhabu. Mwambie mama yake amtume atelye na chakula chako cha mchana, au mwambie wewe mwenyewe jioni kwamba kesho unahitaji mtu wa kushika ncha ya mbao. Mpe msasa. Mikono ikiwa na kazi na macho yako kwenye mbao, sema: "Ile Jumapili uliniona nalia. Nilikuwa namlilia baba yako mdogo. Nilikuta mita yake. Hukufanya kosa lolote. Inaweza kunishika tena siku nyingine, na ikinishika inaisha, kisha tunakula." Hapo muulize: "Wewe uliwaza nini?" Kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Watu wazima wengi huhesabu hadi tatu, wakaanza kumjibia mtoto. Akisema "hapana kitu," mwache, endeleeni kupiga msasa. Mrudie juma lijalo kwa sentensi moja tu. Jibu la kweli mara nyingi huja mara ya pili au ya tatu, tena njiani, wakati hukuliuliza.

Sema "amekufa". Usiseme "amelala" wala "amesafiri". Watoto wa chini ya miaka mitano au sita bado hawajashika vizuri kwamba aliyekufa harudi, na ukimwambia mtoto wako wa mwisho kwamba baba mdogo amelala, utapata mtoto anayeogopa kitanda. Wataliuliza swali lilelile mara kumi. Wajibu kwa maneno yaleyale mara kumi. Hawakuchokozi, wanapima kama jibu limebadilika.

Mpaka mmoja uushike sana. Mtoto anaweza kuona machozi ya papa yake, lakini asiwe yeye wa kuyapangusa. Baadhi ya wanaume, wakishavunja ule ukuta, humkimbilia kijana mkubwa: wanamweleza deni la matanga, usiku wanaokosa usingizi, ugomvi na shemeji. Kijana anajivunia kuaminiwa, halafu alama zinashuka, anaacha kucheza mpira, anamfuata papa kila anapotoka ili amlinde. Miaka 11 ni michache mno kwa mzigo huo. Mazungumzo ya namna hiyo yapeleke kwa mtu mzima: mke, rafiki wa atelye, mzee wa shirika lenu.

Au yaya mwenyewe. Hapa nataka nikae kidogo, maana katika barua yako yote umemtaja kama hakimu, na hukuandika mahali popote kwamba naye amefiwa. Mdogo wako alikuwa mdogo wake pia. Huyo aliyekuambia "jikaze" huenda anajiambia hivyohivyo kila asubuhi, na habari ya kilio chako ilimgusa mahali ambapo amefunga. Kubishana naye mbele ya wazee hakutakupa kitu. Atalazimika kutetea alichosema. Mtafute mkiwa wawili, na uende na kazi mkononi: saruji ya kaburi, msalaba wa kubadilisha, karo za watoto wa marehemu. Katikati ya hesabu, uliza swali la kumbukumbu, dogo, lenye kitu cha kushika: "Yaya, unakumbuka ile baiskeli aliyoianguka nayo?" Akikujibu kwa habari nyingine ya marehemu, ameshaanza. Usimwambie kwamba ameanza. Akijibu "tuachane na hayo," achana nayo, rudini kwenye saruji. Umebisha hodi mara moja, inatosha kwa siku hiyo.

Kuhusu shemeji yako na yatima nitasema moja tu. Ahadi zilizotolewa kwenye matanga mbele ya watu, "watoto hawa ni wangu," huwatafuna wanaume wengi kuliko msiba wenyewe. Kaa na shemeji, mbele ya mtu mmoja wa familia, sema kwa takwimu unachoweza: karo ya mtoto mmoja, au mbao za paa. Kiasi kidogo kinachofika kila mwezi kinamsaidia kuliko ahadi kubwa inayokufanya ukwepe njia ya kwake.

Sasa mwili. Tenga muda mmoja kwa juma, nusu saa, uwe wa ndugu yako. Jumamosi baada ya kufunga atelye panafaa. Kaa, mkumbuke, ongea naye kama unaongea, andika kama unaandika, lia kama kinakuja. Dakika 30 zikiisha inuka ufanye kitu cha mikono chenye mwisho: fagia vumbi la mbao, noa patasi, beba maji. Lengo ni kuufundisha mwili kwamba huzuni ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, ili isikuvamie kila mara kwenye kiti cha nyumbani. Wengi hushindwa juma la kwanza: wanakaa, hakuna kinachokuja, wanasema haifai. Kaeni hata kama ni bure. Kikikushika mahali pabaya, mbele ya mteja au juu ya pikipiki, simama, weka mkono tumboni, vuta pumzi kwa hesabu ya tatu, itoe kwa hesabu ya tatu, bila haraka, kwa dakika mbili au tatu.

Pombe. Kasiksi au Primus mbili jioni zitakulaza haraka, ni kweli. Ini likishaimaliza pombe, usingizi unakatika, unaamka saa nane au tisa usiku moyo unakimbia, na saa hizo ndizo marehemu huja akilini na hakuna wa kuongea naye. Kanyanga ni hivyohivyo, kwa kasi zaidi. Ukiona umeanza kunywa ili ulale, hesabu chupa za juma kwa ukweli, ziandike kwenye lile daftari lako la vipimo, na mwonyeshe mtu.

Na usiende famasi kununua Valium, ile dawa ya kutuliza na kulaza, kwa sababu jirani ilimsaidia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilisema wazi kwamba dawa za kundi hilo zisitolewe kwa waliofiwa wasio na ugonjwa wa akili. Mwili huzizoea baada ya majuma machache, asubuhi huacha kichwa kizito, na kichwa kizito mbele ya msumeno unajua kinakopeleka. Zikichanganywa na pombe zinaweza kuzima pumzi.

Je, wewe ni mgonjwa? Kilio kimoja cha nusu saa katika miezi mitano, kilicholetwa na mita yenye jina la ndugu yako, si ugonjwa. Hata kama umewahi kusikia sauti yake atelye, au ukageuka ukidhani amepita mlangoni, hilo huwapata waliofiwa wengi na si wazimu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 ina kitu kinachoitwa huzuni iliyorefuka: kumtamani marehemu au kumuwaza karibu kila siku, kwa uchungu mkali, kwa zaidi ya miezi sita, zaidi ya desturi za watu wako zinavyotarajia, hadi kazi na nyumba vinasimama. Ukiona majuma mawili yanapita hufungui atelye siku nyingi, au unapungua uzito, au umeanza kunywa asubuhi, au mkono wako umeanza kumwangukia mtoto kwa kosa dogo, usingoje miezi. Na wazo la kumfuata mdogo wako likija, mwambie mtu leo, usilale peke yako, na mpe mwingine funguo za atelye mpaka uonwe.

Pa kwenda: anzia sante ya mtaa wako, mwulize muuguzi mkuu kama wana APS, yaani wale wasaidizi wa mambo ya nafsi na jamii; vituo kadhaa vinao. Pa pili ni SOSAME, kituo cha afya ya akili hapa Bukavu kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo tangu 1994. Najua watu wanavyosema juu ya mtu aliyeonekana akiingia pale. Wanapokelewa pia watu wanaokuja kuzungumza na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Nenda na karatasi yenye mambo manne: unalala saa ngapi, unakula mara ngapi, unakunywa kiasi gani, na siku ngapi za mwezi uliopita hukuweza kufanya kazi. Ukienda mikono mitupu utasema "niko tu," na utatoka na dawa ya gastriti.

Tarehe zitakushtua. Siku ya mwezi aliyofariki, Krismasi, mwaka mmoja. Waambie nyumbani juma moja kabla: "Tarehe 14 inaweza kuwa ngumu kwangu." Neno likitangulia, machozi hayo hata mtoto mdogo anaweza kukaa karibu nayo.

Imebaki mita. Hukusema iko wapi. Nadhani iko mfukoni mwako. Usiitupe kwa hasira na usiifiche ndani ya sanduku la nguo, na kwa sasa usiipe mtu. Vitu vya marehemu vimeleta ugomvi katika familia nyingi, hata vidogo, kwa hiyo kabla ya lolote mwonyeshe shemeji, umuulize kama anaitaka kwa ajili ya watoto wake. Akikuachia, piga msumari ukutani kwenye atelye, karibu na meza ya kazi, uitundike hapo. Kijana wako akiiona na akauliza ya nani, mwache aishushe mwenyewe, aisome jina, apime nayo ubao mmoja.